Nyayo za Shibe

Salamu yake ilikuwa moja, asubuhi na jioni: "Umekula nini, na umeliwa na nini?" Mgeni angeshtuka, maana kwetu mtu akisema ameliwa anataka kusema ametapeliwa, au yamemkuta makubwa zaidi ya hayo. Yeye hakuwa na utani wa namna hiyo. Alitaka kujua kweli. Ukimjibu kwamba umekula ugali na perege na umeliwa na mbu, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Basi perege amepita kwako amekwenda kwa mbu. Safari njema kwake." Kisha alipanda pikipiki ya serikali akaenda zake joshoni, kunakoogeshwa ng'ombe.

Tulimwita Bwana Mifugo. Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye mlango wa ofisi yake, lakini kwa miaka tisa niliyokaa Ivuna jirani naye sikumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe hakulitumia, yule aliyebaki Hasamba na kahawa zake na kushuka bondeni mara mbili kwa mwaka kuja kumkagua. Habari za ukoo wake siziwezi. Ninachoweza kusimulia ni jinsi alivyokuwa, na hasa jambo moja alilolifanya na jingine alilolinyamazia, kwa sababu kwa kunyamaza kule mfugaji mmoja aitwaye Masanja alihama kijiji akiwa na jina la mwizi. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyeliandika jina hilo.

Nilipelekwa Ivuna kufundisha shule ya msingi miaka ile ambayo maduka ya Tunduma yalianza kujaa bidhaa na mishahara yetu ikaanza kuchelewa. Nimetoka Ibaba, milimani Ileje, tunakolala na blanketi mbili. Joto la bondeni lilinifanya niwe na hasira mwaka mzima wa kwanza, na nadhani hasira yenyewe haijaisha yote. Siku Bwana Mifugo alipoingilia somo langu nilitamani kumtupia kifutio.

Lilikuwa somo la sayansi, darasa la tano. Nilikuwa nimeandika ubaoni majani, ndama, fisi, nikawaambia wanafunzi waunganishe kwa mishale kuonyesha nishati inavyopita. Darasa zima, isipokuwa binti mmoja aliyekuwa ameangalizia kitabu, walichora mshale ukitoka kwa fisi kwenda kwa ndama, na wa ndama ukienda kwenye majani. Nikafuta, nikaeleza, wakarudia vilevile. Nikafoka. Hapo kichwa chake kikatokea dirishani. Alikuwa amekuja kuomba chaki za kuwatia alama ng'ombe waliokwisha kuchanjwa.

"Mwalimu, hawa hawajakosea," alisema. "Umekosea wewe na kitabu chako. Watoto hawa baba zao wana mishale ya kweli nyumbani. Mshale unakwenda kwa anayekufa."

Wanafunzi walicheka mpaka mwingine akaanguka kwenye dawati. Mimi sikucheka.

Akaingia bila kukaribishwa, akachukua chaki. Akawauliza kama wanajua kufuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Wote wanajua. "Basi futeni mishale. Chakula kinatembea. Kimetoka kwenye majani, kikaingia kwa ndama, kikatoka kwa ndama kikaingia kwa fisi. Choreni nyayo zake, vidole vikitazama kinakokwenda." Kuanzia siku ile hakuna aliyekosea tena. Nilifundisha hivyo miaka yote, na mkaguzi mmoja aliponikemea kwa kuchora miguu ubaoni nilimwambia akaulize kwa Bwana Mifugo.

Neno nishati hakulipenda. Alisema hilo ni la watu wa mitambo. Yeye alisema shibe. Shibe inatoka juani, majani ndiyo pekee yanayojua kuipika, sisi wengine wote tunanyang'anyana tu. Tena alisisitiza kuwa haifiki nzima. Ng'ombe akila kutwa, sehemu kubwa ya alichokula anaitembelea, anaipumua, anajipashia joto, nyingine anaiangusha njiani huku mkia umeinuliwa. Inayobaki kuwa nyama ni kiduchu. Kwa hiyo wanafunzi wangu walichora nyayo kumi kutoka kwenye majani kwenda kwa ndama, moja kutoka kwa ndama kwenda kwa fisi, na kutoka kwa fisi kwenda kwa kupe wake walichora kidole kimoja. "Ndiyo maana ng'ombe ni wengi na fisi ni wachache," alisema. "Ukisikia mahali fisi wamewazidi ng'ombe, aliyewahesabu alikuwa amelewa."

Kinyesi alikisoma kama wengine wasomavyo gazeti. Alikuwa na fimbo yenye ncha ya chuma, na popote alipokuta rundo la mavi alisimama, akalipasua, akachungulia. Alijua ng'ombe huyu amekula mabua, yule amepelekwa kwenye majani ya ziwani yenye chumvi, huyu mwenye mavi mepesi ana minyoo. Mende wanaoviringisha mavi aliwavuka kwa adabu, akiinua mguu juu kabisa. Makombo yake hakuyatupa shimoni kama sisi. Aliyaweka juu ya jiwe nyuma ya nyumba na kuwaachia siafu, kunguru na kila mwenye mdomo, kisha alikuja kulalamika kwangu kwamba nyumba ina siafu.

Hapo ndipo utaona mtu mwenyewe alikuwa vipande viwili. Alihubiri kwamba nyama ni upotevu, kwamba shamba la mahindi linalolisha nyumba kumi likipitia tumboni mwa ng'ombe halilishi hata mbili. Alihubiri hayo akiwa ameshika ubavu wa mbuzi kwa mikono yote miwili, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye viwiko. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwalimu, mimi nimesema ni upotevu. Sijasema si tamu."

Na taarifa zake za mwezi zilikuwa uongo mtupu. Mtu aliyeweza kukuambia ukweli wa ng'ombe kutokana na mavi yake aliandika kwamba ng'ombe wote wa kata wameogeshwa, wakati josho lenyewe lilikuwa kavu na mbuzi wanalala humo. Dawa za kuua kupe zamani zilitoka serikalini bure. Sasa mfugaji alitakiwa ajinunulie mwenyewe kwenye maduka ya Tunduma, na wengi waliacha. Zilizobaki ghalani kwake alizigawa kwa vikombe, kwa wachache. "Wakubwa hawataki ukweli," alisema. "Wanataka karatasi." Nililicheka jambo hilo wakati ule. Sikufikiri kwamba anayezoea kuandika lisilokuwepo anaweza siku moja kushindwa kusema lililopo.

Masanja alikuwa rafiki yake. Alikuwa Msukuma aliyeteremka kutoka kaskazini na kundi lake, akajenga boma ng'ambo ya mto, mbali kidogo na wenyeji, ambao walimtazama kwa jicho la pembeni kama walivyowatazama wafugaji wote waliokuja. Jumapili, wenzetu wakiwa kanisani, Bwana Mifugo alikuwa kwa Masanja wanakunywa maziwa ya mgando na kubishana. Masanja alikuwa mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha polepole. Kila nikipita aliniuliza, "Watoto wangu wanasoma, Mwalimu?" Nikimwambia wanasoma alisema, "Basi wachape kidogo tu."

Kiangazi kimoja fisi waliingia boma la Masanja na kula ndama wanne kwa juma moja. Siku chache baadaye mzoga wa ndama wa tano ulikutwa umeachwa porini, na kuuzunguka fisi watatu wamelala wamekufa. Pembeni walikuwa tumbusi, wale tai wenye shingo tupu. Nilikwenda kuwaona na wanafunzi wa darasa la sita. Tulihesabu hadi ishirini na kitu, tukaacha, kwa sababu wengine walikuwa wanapigapiga mabawa bado na watoto walianza kulia. Bwana Mifugo alifika na fimbo yake. Hakupasua kitu. Alisimama tu, halafu akawaambia watoto wasiguse, akarudi nyumbani, na jioni ile hakuniuliza nimekula nini.

Siku za nyuma aliwahi kunieleza kwamba shibe inapungua kila inapovuka kutoka tumbo hadi tumbo, lakini sumu haipungui. Anayekula kumi anabeba sumu ya kumi. Sote tulikuwa tumeona hivyo kwa macho.

Msimu uliofuata ukame uliua ng'ombe wengi. Miaka mingine mzoga ulikuwa haumalizi siku mbili, tumbusi waliusafisha ukabaki mifupa mikavu. Sasa hakukuwa na tumbusi. Mizoga ilikaa, ikavimba, ikapasuka, na wageni wa karamu ile wakawa mbwa. Mbwa waliokuwa wamekonda wakanenepa, wakazaa, watoto wao wakaishi wote, wakawa makundi yasiyo na mwenyewe. Na humo kikaingia kichaa cha mbwa.

Mbwa aliniuma mguuni nikitoka shule, mchana kweupe. Hakubweka. Alikuja akiyumba, akauma, akaenda zake, na njiani akamuuma mzee mmoja mchemsha chumvi aliyekuwa anabeba kuni. Bwana Mifugo aliposikia alikuja mbio na mche wa sabuni na madumu mawili ya maji. Alinikalisha kwenye ngazi ya nyumba yangu akanisugua jeraha akiimba wimbo wa kanisani, yeye ambaye kanisani hakanyagi. Aliimba beti zote, akarudia zote, na kila nilipotaka kuvuta mguu aliukaza. Halafu akanipakia kwenye pikipiki tukapanda mlima hadi hospitali ya wilaya. Muuguzi alisema sindano zimekwisha, tusubiri ziletwe. Bwana Mifugo alisema, "Tutasubiri hapa hapa," akakaa chini mlangoni pa ofisi ya daktari hata watu wakawa wanamruka. Sindano zilipatikana siku ya pili yake. Alikuwa bado yuko pale.

Mzee mchemsha chumvi alikataa kwenda hospitali. Alisema jeraha ni dogo. Alikufa wiki ya tano, na namna alivyokufa, akitamani maji na kuyakimbia, sitaisimulia.

Nilipomaliza sindano na kurudi, kijiji kiliitisha mkutano. Watu walikuwa na hofu na walitaka sababu, na baadhi walikwisha kuanza kutaja majina ya vikongwe. Nikaona niwaokoe wale vikongwe kwa elimu yangu. Nikaomba ubao wa shule uletwe uwanjani. Nikachora nyayo: kutoka kwa mbwa kwenda kwa marehemu, kutoka kwenye mizoga kwenda kwa mbwa, tumbusi waliokosekana, fisi waliokufa, ndama mwenye sumu. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza vizuri hivyo, na nilijisikia fahari, nasema kweli. Watu walinielewa wote, hata wasiojua kusoma. Tena watu wa kule wanajua kufuata nyayo kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma. Wakazirudi moja moja hadi ya mwanzo kabisa, nayo ilikuwa inatoka katika boma la Masanja.

"Dawa ulitoa wapi?" mwenyekiti alimuuliza.

Masanja alisimama. "Ya josho."

"Ya josho iko ghalani imefungiwa. Uliiba?"

"Mimi sijaiba."

"Nani alikupa?"

Masanja alimgeukia Bwana Mifugo, aliyekuwa amekaa benchi la mbele na watumishi wenzake. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kamba za viatu waondoke pamoja. Bwana Mifugo alikuwa anatazama mikono yake. Mwenyekiti akamuuliza, "Bwana Mifugo, dawa imepungua ghalani?" Akajibu, "Imepungua." Hakuulizwa jingine, na hakuongeza.

"Basi andikeni mnachotaka," alisema Masanja, akakaa.

Mtendaji wa kijiji alikuwa ameniomba niandike muhtasari, maana mwandiko wake hata yeye mwenyewe ulimshinda kuusoma. Niliandika kwamba Masanja alivunja ghala la josho na kuiba dawa, akasababisha vifo. Watu walitia saini, wengine dole gumba. Kabla mvua hazijaanza, Masanja alikuwa amehama na ng'ombe wake waliobaki, watoto wake wakatoka shuleni kwangu bila kuaga.

Bwana Mifugo na mimi tulibaki majirani miaka minne zaidi. Salamu yake iliendelea. Makombo aliyaweka pale pale juu ya jiwe. Habari za Masanja hatukuzigusia kamwe, na ikiwa mtu mwingine alimtaja, yeye alikumbuka kwamba ana ng'ombe wa kutazama. Nilimpenda, sina sababu ya kuficha. Mtu aliyekusugua jeraha beti zote mbili mbili huwezi kumtazama kama wengine. Baadaye nilihamishiwa Tunduma, nikaolewa huko, nikazoea kelele za malori yanayosubiri kuvuka mpaka.

Tulionana tena yeye akiwa amestaafu na mimi nimebakiza mwaka mmoja. Binti yake alikuwa na duka la dagaa karibu na mpaka, na mzee alikaa mbele ya duka juu ya kreti, miguu imevimba, fimbo ile ile mapajani. Mama mmoja wa Zambia alikuwa anachagua dagaa, akamsalimia kwa Kibemba kama babu yake, "Mulishani, bashikulu." Alimjibu vizuri, akamchagulia dagaa wa chini ya gunia, wasiovunjika. Aliponiona hakuniuliza nimekula nini. Alisema, "Nilikuwa natafuta mtu wa kunipeleka kwako. Miguu haitaki."

Akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti.

Mwaka uliopita, alisema, alivuka hadi upande wa pili wa ziwa alikohamia Masanja. Alimkuta mzee, haoni vizuri, lakini sauti ya mgeni wake aliitambua hapo hapo. Bwana Mifugo akamwambia alichokwenda kumwambia. Masanja akamsikiliza, akasema: "Kijiji sikukikasirikia. Kijiji hakikunijua. Wewe ulinijua." Basi. Wakanywa maziwa. Miezi mitatu baadaye Masanja akafa.

"Sasa mwanawe mkubwa anataka kurudi Ivuna," alisema Bwana Mifugo. "Amezaliwa pale. Ameomba eneo la kulima. Ofisini wakatoa faili wakamsomea: baba yako alivunja ghala, akaua watu kwa sumu. Wamemkatalia. Kijana amenijia hapa, hakunitukana hata kidogo. Ningeona nafuu angenitukana."

Nikaifungua barua. Ilikuwa fupi, kwa mwandiko ninaoujua. Ilisema kwamba ghala halikuvunjwa, kwamba dawa alimpimia Masanja kwa mkono wake, kwamba Masanja alimlilia kwa ajili ya ndama wake naye akamhurumia. Ilisema kwamba yeye ndiye mtu pekee kijijini aliyejua dawa ile ingefika wapi, na akaitoa. Ile ilikuwa taarifa yake ya kwanza ya kweli niliyowahi kuisoma.

"Nilijua, Mwalimu," alisema. "Ubaya wake ndio huo. Masanja alikuwa anawaona fisi tu. Mimi niliwaona tumbusi, nikawaona mbwa. Wewe sikukuona." Akaigeuza fimbo mapajani. "Mtendaji wa sasa anasema barua yangu peke yangu ni maneno ya mzee. Anataka na aliyeandika muhtasari atie saini, kwamba aliandika alivyoambiwa. Wewe huna kosa. Ni saini tu."

Binti yake aliniletea kalamu na stuli. Nikaweka karatasi gotini. Chini ya jina lake palikuwa na nafasi aliyoniachia, inatosha saini na tarehe. Niliitazama ile nafasi mpaka mama wa Zambia akamaliza kununua akaondoka. Kisha nikaandika, kwa herufi ndogo ili patoshe: asubuhi Masanja alipopewa dawa, nikienda shule, nilipita ghalani, nikawaona wote wawili mlangoni, kopo likiwa mkononi mwa Masanja na Bwana Mifugo amenipa mgongo anafunga kufuli, Masanja alinisalimia kwa kuinua mkono nami nikaitikia vivyo hivyo, mkutanoni niliandika vingine kwa kuwa Bwana Mifugo alikuwa ameniokoa.

Nikatia saini. Nikampa.

Alisoma akiwa ameisogeza karatasi mbali na macho, kama wazee wasomavyo. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Akaiweka karatasi juu ya gunia la dagaa, akailainisha kwa kiganja, ingawa haikuwa na kunyanzi lolote.

"Masanja alijua kwamba ulituona?" aliuliza.

"Alijua."

"Na alinitazama mimi tu," alisema. "Wewe hakukutazama hata mara moja."